Kinyozi Aliyezima Mashine

"Chukua pete yako, Redio! Kauvalishe mdomo wako!"

Pete ikagonga kioo, ikadondoka katikati ya vitana na chupa ya spiriti. Mashine ya kunyolea ilikuwa bado inanguruma mkononi mwa kinyozi. Mteja aliyekuwa kitini, kichwa kimeinama, hakuthubutu hata kumeza mate.

Mimi nilikuwa mlangoni, nimeshikilia fremu, nahema. Nilimfuata mjukuu wangu kutoka nyumbani, ng'ambo tu ya barabara, lakini kwa magoti yangu haya hiyo ni safari.

"Sindano," kinyozi akasema taratibu. "Nimefanya nini?"

"Usiniite Sindano! Wanawake wa bombani wananiangalia tumbo. Mmoja kanishika bega, kaniambia pole mwanangu, Mungu atakupa mwingine. Mwingine! Nani kamwambia kulikuwa na wa kwanza?"

Kinyozi akazima mashine. Nikasikia maji yakidondoka kwenye beseni.

"Siyo mimi," akasema.

"Siyo wewe? Basi nani? Bibi yangu huyu? Mama yangu mzazi? Nilikwambia wewe, kwa mdomo wangu, nikalia mbele yako. Wewe ndiye Redio!"

"Siyo mimi."

"Nitajie basi ni nani!"

Nilimwona kinyozi akiufungua mdomo. Nilimwona akiufunga tena. Akainama, akaokota pete, akaifuta kwa kitambaa cheupe, akaishika tu.

"Sitamtaja mtu," akasema.

Mjukuu wangu akacheka kicheko kibaya. "Unaona, Bibi? Hana hata wa kumsingizia." Akanipita mlangoni kama upepo.

Wajukuu zangu, kabla sijaendelea niwaeleze, msije mkapotea njiani.

Huyo mjukuu ni mtoto wa binti yangu. Anashona nguo, na ni mwembamba, ndiyo maana mtaa mzima wanamwita Sindano. Kanisani yeye ndiye anayeanzisha nyimbo. Zamani kidogo alipendwa na mwanaume mmoja mwenye viatu vinavyong'aa, akapata mimba, mwanaume akahama mji na viatu vyake. Mimba haikukaa. Usiku huo hospitalini tulikuwa mimi na mama yake tu, na tulipotoka tulikubaliana kwamba hilo jambo limebaki kule kwenye mashuka.

Kinyozi naye hakuitwa Redio kwa bahati mbaya. Zamani ukitaka kujua nani kagombana na nani, na nani kaonekana akitoka mlango gani, ulikwenda kunyoa. Hata mwenye upara alikwenda kunyoa. Ulimi wa yule kijana ulikuwa mkali kuliko wembe wake, na waliokatwa nao ni wengi.

Kisha akaokoka. Tulicheka. Nani asingecheka?

Alianza kwa kubandika kibao ukutani: HAPA HATUSENGENYI. Watu wakaja kwa wingi kukisengenya kibao. Akakitoa, akaanza kuwahubiria wateja, nao wakahamia kwa kinyozi wa sokoni. Siku nyingine alianguka mwenyewe. Mtu analeta habari tamu, na yeye kabla hajajua anaongeza chumvi. Nilimkuta mara moja amekaa kwenye kiti chake cha kunyolea, amejishika mashavu.

"Vipi, mume wangu?" nikamtania, maana hata kabla hajamchumbia mjukuu wangu nilikuwa namwita hivyo.

"Bibi, kuokoka niliokoka asubuhi moja. Ulimi wangu ukabaki nje ya mlango, haukuambiwa."

"Basi kaufuate."

"Naufuata kila siku, Bibi. Unakimbia kweli."

Mwisho wake akapata njia. Mteja akianza kumsema mtu ambaye hayupo, kinyozi anazima mashine. Tk. Haongei, hakunji uso, hatoi somo. Anasimama tu nyuma ya kiti, anamtazama mteja kwenye kioo kama mtu anayesubiri mvua ipite. Na mteja ana nusu kichwa. Nani anatoka barabarani na nusu kichwa? Basi mteja anakohoa, anauliza habari za mpira, na mashine inawaka tena.

Mwanzo walinuna. Baadaye ikawa ni utani wa mtaa. Mke akimkaripia mumewe anaambiwa, "Mama nanihii, zima mashine." Lakini mimi niliyekuwa namtazama kutoka barazani kwangu, niliona kitu kingine. Niliona uso wake unabadilika mwezi kwa mwezi. Ile haraka ya macho iliondoka. Watu walianza kumpelekea mambo yao mazito, maana walijua yakiingia kwake yamefika mwisho wa safari. Mjukuu wangu naye akapeleka lake.

Sasa mnaelewa ni nini kilichovunjika pale.

Jioni hiyo mjukuu wangu alimtumia ujumbe. Alinisomea mwenyewe:

*"Usije kwetu. Harusi hakuna. Gauni nalifumua."*

Majibu yakaja:

*"Nimekusoma. Siyo mimi. Nakupenda. Sina neno la kuongeza."*

"Sina neno la kuongeza!" mjukuu wangu akasema. "Leo ndiyo kajifunza kukosa maneno!"

Na kweli akalishusha gauni ukutani, akaanza kuzifumua shanga za kifuani, moja moja, anazitia kwenye bakuli. Tik. Tik. Mama yake, binti yangu mimi, alikuwa pale pale anaosha sufuria. Alipomaliza kuiosha akaiosha tena.

"Mwanangu," akasema bila kugeuka, "pengine usifumue kwanza."

"Kwa nini, Mama? Nimsubiri aje asomee watu maisha yangu kanisani?"

Binti yangu akavuta ndoo. Sufuria ile ile, akaitia maji mara ya tatu. Nikamtazama mgongo wake, nikaanza kujiuliza.

Kinyozi alikuwa ameahidi kuja kuninyoa, kwa sababu siwezi kukaa muda mrefu kwenye kile kiti chake. Nilidhani hatakuja. Alikuja, ingawa ameambiwa asikanyage. Hakuvuka mlango, alibisha hodi nje ya ua, akaniwekea kigoda chini ya kamba ya nguo, akavuta waya wa umeme kupitia dirishani. Mjukuu wangu alifunga mlango wa chumba chake kwa kishindo, tukasikia bakuli la shanga likiruka.

"Umepungua," nikamwambia.

"Inamisha kichwa, Bibi."

"Unamjua aliyesema."

Mkono wake ukasimama kidogo, ukaendelea.

"Nauliza, unamjua?"

"Bibi, ukiendelea nitazima mashine."

"Utaniacha nusu kichwa mimi? Mke wako?"

"Nitakuacha, na jua hili."

Nilitaka kucheka, lakini nilisikia tone limeanguka shingoni kwangu, na mvua haikuwepo.

"Mwanangu," nikasema, "mtu akishutumiwa kwa uongo ana haki ya kujitetea. Hata Mungu hawezi kukukasirikia kwa hilo."

"Najua, Bibi. Siku ya kwanza nilikwenda mpaka kwenye mlango wenu kuja kujitetea. Nilikuwa na maneno mazuri kweli, nimeyapanga. Nikagundua nayafurahia. Ile furaha ya zamani, ya kubeba habari ya mtu mwingine na kuifikisha. Nikarudi."

"Kwa hiyo utamkosa mke?"

Akapuliza nywele kutoka sikioni kwangu.

"Naomba nisimkose," akasema. "Naomba mpaka nasinzia. Lakini nikimpata kwa ulimi ule ule ninaoukimbia, atakuwa ameolewa na Redio. Mimi nataka aolewe na mimi."

Wajukuu zangu, nimesikia mahubiri mengi katika umri wangu. Mengine yalikuwa na vipaza sauti. Hilo nililisikia nikiwa nimevikwa shuka la kinyozi, nywele zimenijaa puani, na halijanitoka.

Sasa sikilizeni jinsi Mungu anavyomtumia mtu yeyote.

Kuna fundi bomba mtaani kwetu, mtu mnene, msemaji, ana kichwa chenye nywele nyingi kama godoro lililopasuka. Mke wake ndiye mwenyekiti wa maombi ya akina mama kanisani. Siku moja mchana, nipo barazani, mjukuu wangu yupo kizingitini anavuta nyuzi za mwisho za lile gauni, mama yake anakunja nguo, nikaona mlango wa kinyozi umefunguka kwa nguvu.

Akatoka fundi bomba. Upande wa kulia amenyolewa safi, unang'aa. Upande wa kushoto godoro lote lipo. Shuka bado limefungwa shingoni, linapepea nyuma yake kama bendera.

"Mzee! Mzee, rudi nikumalizie!" kinyozi anamkimbilia nyuma, mashine mkononi, waya unaburuta vumbi.

"Utanimalizia nikishasema!"

Watoto barabarani walilala chini kwa kicheko. Mwanamke mmoja akaita, "Fundi, upande wa pili umekwenda wapi?" Fundi hakugeuka. Akavuka, akaingia uani kwetu, akasimama mbele ya mjukuu wangu anatweta.

"Binti, umemkosea huyu kijana."

"Mzee, nakuomba," kinyozi akasema.

"Nyamaza wewe! Wewe umeshanyamaza vya kutosha!" Akamgeukia mjukuu wangu. "Mara ya kwanza nilikwenda kumpa pole kwa haya mambo yako, nikaanza kumwambia nilikoyasikia. Akazima mashine, lakini neno lilishanitoka. Leo nasikia mtaani kwamba eti yeye ndiye aliyesema. Nimekaa kwenye kile kiti nikamwambia, nakwenda kumweleza binti ukweli. Akazima tena! Akaniambia, Mzee, huo siyo wako kuubeba. Nikasema wacha nibaki na nusu kichwa, lakini leo nausema."

"Useme," mjukuu wangu akamwambia, sindano ya kufumulia mkononi.

"Mke wangu aliufungulia sebuleni, kwenye simu. Ujumbe wa sauti. Alitumiwa, akaupeleka kwenye kundi lote la maombi, wanawake wote wakausikia. Sauti ya mtu analia, anasema, dada zangu, mwombeeni mwanangu anaolewa, alipoteza mimba, naogopa asije akakosa mtoto."

Fundi bomba akasita. Akalishika shuka shingoni kama mtu anayetafuta hewa.

"Anasema *mwanangu*," akarudia kwa sauti ndogo.

Nguo ziliteleza kutoka mikononi mwa binti yangu.

Mjukuu wangu hakugeuka haraka. Aligeuka polepole sana, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

"Mama?"

"Sikusengenya," binti yangu akasema. "Mwanangu, sikusengenya. Nilipeleka maombi. Nilitaka uombewe tu."

"Ukawaambia yote?"

"Unaombaje nusu? Nilidhani... Nilifumba macho nikiongea, nilikuwa kama naongea na Mungu. Nilimtumia mwenyekiti peke yake. Sikujua atawapelekea wote."

"Na nilipokuwa nafumua gauni? Ulikuwa umesimama hapo, Mama! Unaosha sufuria!"

Binti yangu akakaa chini, pale pale juu ya nguo zilizokunjwa.

"Huyu alikuja kwangu," akasema, anamwonyesha kinyozi kwa kidevu. "Kabla hujamrudishia pete. Alikuja peke yake nikiwa jikoni. Akaniambia, Mama, nimesikia, na najua ulitaka mema. Sitakutaja kwa mtu yeyote. Ila mwambie wewe mwenyewe, asije akasikia kwa wengine. Nikamwambia kesho. Ulipotupa pete nikasema kesho. Kila nikikuangalia nasema kesho. Yeye anaonekana mbaya, na mimi napika."

Akaficha uso kwenye kanga.

Fundi bomba akajipapasa upande ulionyolewa, akaona aibu, akaupapasa ule mwingine, akaona aibu zaidi.

Mjukuu wangu akasogea mpaka mbele ya kinyozi.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Nilikutukana mbele ya mteja wako. Nikakufungia mlango. Neno moja tu lingetosha."

"Neno hilo lilikuwa ni mama yako," kinyozi akasema. "Mume ukimkosa, utalia, utapona. Ungekwenda harusini humtaki mama yako... hapo ningekushona na nini?"

"Kwa hiyo ukaniacha gizani."

Hapo kinyozi akainamisha kichwa. Na hapa ndipo nilipompenda zaidi, maana angeweza kubaki mshindi.

"Hilo nimekosea," akasema. "Nililala nikilifikiria. Ningerudi kwake mara ya pili, mara ya tatu, ningemshika mkono tuje wote mbele yako. Nilikwenda mara moja nikajiona nimemaliza, nikaona kunyamaza kwangu kumetosha. Bado najifunza, Sindano. Kuna siku naufunga mdomo kwa sababu ya Mungu, na kuna siku naufunga kwa uoga, na vyote viwili kwa nje vinafanana. Nisamehe."

"*Mimi* nikusamehe?"

"Ndiyo. Kisha na mama."

Mjukuu wangu akashtuka kama amemwagiwa maji. Akamtazama mama yake kule chini. Akapumua kwa nguvu, akaanza kusema, na niliona ni maneno ya moto yanayokuja:

"Mama yangu huyu, tangu zamani, yeye ni mtu wa..."

Tk.

Mashine ilikuwa haina hata umeme. Waya ulikuwa umelala vumbini. Lakini kinyozi alikibonyeza kitufe, sijui kwa mazoea tu au kwa makusudi, na kile kimlio kidogo tukakisikia wote.

Mjukuu wangu akamtazama. Nilidhani atamzaba kofi. Akacheka, machozi yanamtoka, akacheka mpaka akajishika ubavu, kisha kicheko kikageuka kilio kabisa, akaingia ndani.

Tukabaki tumesimama. Nikamwambia kinyozi, "Chomeka waya, mmalizie mtu kichwa chake, anatutia aibu uani."

Mashine ikanguruma chini ya kamba ya nguo. Kisha nikasikia ndani kiti cha cherehani kikivutwa. Kisha sauti ya mjukuu wangu, imekauka:

"Mama."

Binti yangu akainuka juu ya nguo.

"Njoo unishikie hapa. Hizi shanga peke yangu sitazimaliza."

Binti yangu aliingia bado anajifuta. Niliwachungulia, nisidanganye. Mjukuu wangu hakumkumbatia. Alimpa bakuli la shanga na sindano yenye uzi tayari, akamwonyesha mstari wa kifuani, wa pale moyoni, akarudi kwenye upindo wake. Walishona muda mrefu. Baadaye nikasikia binti yangu akisema, "Nitasimama Jumapili mbele ya akina mama, nitasema nilikosea wapi." Na mjukuu wangu akajibu, "Usiwaambie yote tena, Mama." Wakaguna wote wawili, mguno ule unaokaribia kuwa kicheko.

Lakini msamaha haukuisha siku hiyo. Kuna asubuhi alizoamka amemnunia mama yake, chai wanakunywa kila mtu kona yake. Nilimsikia chumbani akipiga magoti, anasema kwa sauti, "Bwana, jana nilimsamehe, leo imerudi, naanza upya." Zamani alikuwa anaimba kuhusu utakatifu kwa sauti inayotikisa mabati, na watu wanamshangilia. Sasa utakatifu wenyewe ulikuwa unaingia jikoni, mahali ambapo hakuna wa kumshangilia, na mimi bibi yake nilikaa ukumbini nikimshukuru Mungu aliyenipa uhai wa kuyaona hayo.

Yule mwenyekiti wa maombi naye alikuja, mume wake amemtangulia na kichwa kilichonyolewa pande zote. Aliomba radhi mpaka akaishiwa. Tangu hapo wanawake wakiombeana wanasema tu, "Mkumbukeni fulani," na Mungu anamalizia mwenyewe, maana yeye habari anazo.

Pete ilirudi. Kinyozi aliitoa mfuko wa shati, bado imefungwa kwenye kile kitambaa cheupe.

"Kama utanivalisha, nivalishe haraka," mjukuu wangu akamwambia, "kabla sijaanza kukusema."

"Mashine ninayo," akajibu.

Siku ya harusi gauni lilikuwa na mstari mmoja wa shanga uliopinda kidogo, kifuani. Binti yangu hajui kushona. Wasaidizi wa bibi harusi walitaka kuufumua waunyooshe, mjukuu wangu akawapiga mikono. Mchungaji alipouliza kama kuna mwenye neno, kanisa zima likamgeukia kinyozi, fundi bomba akacheka kwa sauti, na mke wake akamfinya.

Juzi nilikuwa nimekaa na mjukuu wangu kwenye chumba chake cha kushonea, anashona. Akaingia jirani mwenye gauni lililokuwa kwenye cherehani, kusubiri limaliziwe mkono. Hajakaa vizuri, akasogeza kiti.

"Shoga, umesikia ya yule mke wa mpiga picha? Eti..."

Mguu wa mjukuu wangu ukatoka kwenye kanyagio. Cherehani ikanyamaza. Sindano ilikuwa imezama katikati ya mkono wa gauni la jirani, nusu umeshonwa, nusu unaning'inia. Mjukuu wangu hakukunja uso. Alimtazama tu, kwa upole, kama mtu anayesubiri mvua ipite.

Jirani akautazama mkono wa gauni lake. Akakohoa.

"Hivi," akasema, "hiki kitambaa kinachuja?"

"Hakichuji, shoga," mjukuu wangu akajibu, na mguu ukarudi.